Maswali Yenu: Habari za Ofisi, Siri za Watu

Barua za safari hii zimetoka Bungoma, Njoro, Kisumu, Ahero na Kakamega, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: ofisi au chama kikisema "hiyo ni siri", kina haki ya kusema hivyo? Tutataja msimamo wetu mapema. Anayeshika pesa, kazi au taarifa za wengine anadaiwa maelezo, na yule ambaye habari zake zimeshikwa anadaiwa kusitiriwa. Ofisi zetu nyingi hufanya kinyume: hesabu za wakubwa hufungiwa kabatini huku jina la mdaiwa mdogo likibandikwa ukutani.

Binti yangu yuko kidato cha tatu. Ameomba basari ya wadi mara mbili akakosa, na huku tunasikia watoto wa wenye uwezo wamepewa. Nilipoomba kuona orodha, karani alisema Sheria ya Data inamkataza. Ni kweli?
*Mama wa Kanduyi, Bungoma*

Mama, karani ameshika sheria moja akaiacha nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari za mtu binafsi, na ni kweli ofisi haifai kumkabidhi mgeni fomu za watoto wa watu zikiwa na vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya vifo vya wazazi na barua za daktari. Lakini pesa za basari ni za umma, na Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Utaratibu wake uko katika Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016.

Matokeo yatategemea sana unavyouliza. Ukiomba "orodha ya waliopewa", unampa karani kisingizio. Omba jumla ya pesa zilizotengewa wadi yako, ukitaja mwaka wa fedha. Omba idadi ya walioomba na idadi ya waliopewa, vigezo vilivyotumika na alama za kila kigezo, pamoja na kumbukumbu za kikao cha kamati kilichoamua. Kisha omba jedwali la malipo linaloonyesha kila shule, idadi ya wanafunzi wake na kiasi kilicholipwa. Hundi za basari huandikwa kwa jina la shule, kwa hiyo jedwali kama hilo linaweza kutolewa bila kutaja jina la mtoto hata mmoja. Mwisho omba sababu ya binti yako kukataliwa; hiyo ni habari yenu wenyewe na haina wa kufichwa.

Barua inaweza kuwa ya Kiswahili au Kiingereza, maana sheria imezitaja lugha zote mbili. Asiyeweza kuandika anaruhusiwa kueleza kwa mdomo, na afisa ndiye anayepaswa kuliweka ombi hilo kwenye maandishi. Sheria humpa kazi hii mkuu wa taasisi au aliyemkaimisha, kwa hiyo kama kaunti haijatangaza afisa wa habari, mwandikie Katibu wa Kaunti. Hulazimiki kueleza habari unaitakia nini. Kuomba hakulipiwi, gharama pekee wanayoweza kukudai ni ya kunakili karatasi na, ikibidi, kukufikishia. Peleka nakala mbili, na moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Wengi huanguka hapo: wanaacha barua kwa mlinzi au kwa karani anayesema "nitampa mkubwa", na baadaye hawana siku ya kwanza ya kuhesabia.

Ofisi ina siku 21 kukujibu. Habari ikiwa nyingi mno inaweza kujiongezea siku zisizozidi 14, na lazima ikuarifu. Ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48. Ikiwa umeandikia ofisi isiyo yenyewe, ofisi hiyo ndiyo inayopaswa kuhamisha ombi ndani ya siku 5, kwa hiyo usikubali kuzungushwa mlango kwa mlango. Siku zikiisha bila jibu, sheria inahesabu kimya kuwa ni kukataliwa. Hapo una siku 30 za kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi wanaijua kama Ofisi ya Ombudsman. Ina ofisi Kisumu na Eldoret. Wapelekee nakala yako yenye muhuri na maelezo ya ukurasa mmoja. Tume ina uwezo wa kuamuru habari itolewe.

Tuongeze neno kwa ofisi zinazobandika ukutani majina ya watoto yakiwa na safu ya "sababu": yatima, mzazi mgonjwa, mlemavu. Huko ni kumvua mtoto nguo mbele ya kijiji ili kamati ionekane safi. Usafi wa kamati utaonekana kwenye vigezo, alama na kumbukumbu za kikao.

Chama chetu cha ushirika cha maziwa kinakata shilingi 2 kwa kila lita, "za maendeleo", huu mwaka wa tatu. Tukiuliza zimeenda wapi tunaambiwa hesabu ni siri ya chama ili washindani wasizijue. Tufanyeje?
*Mfugaji, Njoro*

Ndugu mfugaji, nyinyi ndio wenye chama. Kuwaficha hesabu ni kumficha mwenye mali. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Vyama vya Ushirika, Sura ya 490, kinampa mwanachama haki ya kuona habari halali za chama: kanuni za ndani, rejista, kumbukumbu za mikutano mikuu, ripoti za kamati ya uangalizi, hesabu za mwaka, orodha ya mali na ripoti za uchunguzi. Sheria inasema mtaziona katika makao makuu ya chama. Kwa hiyo nendeni na daftari na kalamu, maana meneja anaweza kukataa kunakili, lakini kusoma hawezi kuwazuia.

Hoja ya washindani ina ukweli kidogo, na tuutenge mahali pake. Bei ambayo chama kinajadiliana na kiwanda kabla ya mkataba kutiwa sahihi inaweza kusubiri. Pesa zilizokwisha kukatwa kwa wafugaji na kutumika hazina mshindani yeyote wa kufichwa.

Kabla ya kwenda, pigeni hesabu yenu. Tuseme kituo kinapokea lita 1,200 kwa siku. Shilingi 2 kwa lita ni 2,400 kwa siku, 72,000 kwa mwezi wa siku 30, na 876,000 kwa mwaka. Tafuteni kiasi kinachokaribia hicho katika hesabu zilizokaguliwa, upande wa mapato au kwenye mfuko wa maendeleo. Kikikosekana, au kikiwa kimemezwa ndani ya mstari wa "mapato mengineyo", ombeni mchanganuo wa mstari huo kwa maandishi. Kisha geukieni maziwa yenyewe: lita zilizopokelewa, toa zilizokataliwa, toa zilizouzwa rejareja kituoni, toa zilizopelekwa kiwandani. Kinachobaki kinapaswa kuwa kidogo, cha kumwagika na kupima. Kikiwa kikubwa mwezi baada ya mwezi, kuna mzani usiosema kweli au kuna maziwa yanayouzwa bila risiti. Angalieni pia kama makato yalihesabiwa kwenye lita zilizopokelewa au zilizolipwa. Mfugaji hafai kukatwa kwa maziwa yaliyorudishwa.

Nendeni wanachama watatu au wanne, mkiwa na barua iliyotaja miaka na vitabu mnavyotaka. Mtu mmoja hutishwa, na barua inayodai "taarifa zote" hujibiwa kwa kupuuzwa. Msiombe akaunti au mikopo ya wanachama wenzenu mmoja mmoja. Hiyo ni yao. Posho na safari za viongozi ni jambo lingine. Mtu aliyelipwa kutoka kwa maziwa yenu kwa kazi mliyomchagua kufanya hawezi kuita malipo hayo faragha.

Hesabu za chama lazima zikaguliwe kila mwaka, na mkutano mkuu ufanyike ndani ya miezi minne baada ya mwaka wa fedha kwisha. Mlango ukifungwa, mwandikieni afisa wa ushirika wa kaunti ndogo. Hatua kubwa zaidi ni uchunguzi rasmi wa Kamishna wa Ushirika chini ya kifungu cha 58, ambao wanachama wanaweza kuuomba wakifika theluthi moja ya waliohudhuria na kupiga kura katika mkutano uliotangazwa ipasavyo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo huwaponza watu. Kikundi kikikutana sokoni kikapitisha azimio, azimio hilo halina nguvu.

Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama 22. Ili nisishukiwe, kila Ijumaa naweka kwenye WhatsApp picha za ujumbe wa M-Pesa na orodha ya wanaodaiwa, na majina yao na namba za vitambulisho. Mmoja amekasirika akajitoa. Nimekosa wapi?
*Mweka hazina, Nyalenda, Kisumu*

Dada, nia yako ni njema, ila umeonyesha vitu visivyothibitisha kazi yako. Picha thelathini za M-Pesa hazimwambii mwanachama kama pesa zimetimia. Anachohitaji ni hesabu moja inayofunga: salio la mwanzo 48,500, michango ya watu 22 kwa 500 ambayo ni 11,000, marejesho 14,200, faini 300; toa mikopo mipya 30,000 na matumizi 450; salio 43,550. Ambatisha taarifa ya benki au ya laini ya chama inayoonyesha 43,550 tarehe ileile. Salio likipishana na hesabu hata kwa shilingi 50, andika tofauti hiyo na usiizibe mfukoni mwako, kwa sababu ukizoea kuziba pengo dogo hutajua siku pengo kubwa lilipoanza.

Namba za vitambulisho zifute leo. Jina kamili, namba ya simu na namba ya kitambulisho vikikaa pamoja, tapeli ana karibu kila kitu anachohitaji kujifanya wewe na kuhamisha laini yako. Kumbuka pia kwamba ukifuta picha kwenye kikundi, nakala zilizokwisha kuhifadhiwa kwenye simu za wenzako hubaki, pamoja na ya yule aliyejitoa.

Kuhusu wanaodaiwa, wanachama wana haki ya kujua pesa zao zimekopeshwa nani, kwa sababu wao ndio wakopeshaji. Lakini mahali pa kusomewa ni mkutanoni, kitabu kikiwa wazi mezani, na mkiwa mmekubaliana hivyo katika katiba ya chama kabla ya mtu kukopa. Kwenye simu tumieni namba za uanachama, 01 hadi 22. Mkipenda jedwali la mtandaoni, wape wote ruhusa ya kuangalia tu, na haki ya kuhariri ibaki kwa watu wawili. Yule aliyejitoa mpigie simu wewe mwenyewe umwombe radhi, usimtume mtu.

Programu ya mikopo imeninyima mkopo wa kununua tairi na haisemi kwa nini. Nimelipa mikopo yote.
*Mwendesha bodaboda, Ahero*

Anza na rekodi yako kwenye mashirika ya taarifa za mikopo. Yenye leseni ni TransUnion, Metropol na Creditinfo, na una haki ya ripoti moja bila malipo kila mwaka. Deni uliloshalipa lakini halijafutwa ni sababu ya kawaida sana ya kunyimwa.

Ripoti ikiwa safi, mwandikie mkopeshaji barua pepe yenye maombi matatu. Omba nakala ya habari zako alizo nazo. Kanuni za ulinzi wa data za 2021 zinampa siku 7, bila kukutoza. Uliza kama uamuzi ulifanywa na mashine peke yake na ulitegemea mambo gani. Na ikiwa ni mashine, omba ufikiriwe upya chini ya kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data. Mkopeshaji anaweza kubaki na siri ya namna hasa anavyokokotoa alama. Kukueleza kwa maneno yanayoeleweka kwamba alitazama, kwa mfano, mapato ya laini yako na marejesho uliyochelewesha, hakuifichui siri hiyo. Asipojibu, lalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Najitolea kusaidia kompyuta katika kituo cha afya. Nimegundua kwamba nikibadilisha namba mwishoni mwa anwani ya ukurasa kwenye mfumo wa wagonjwa, naona faili la mgonjwa mwingine. Msimamizi ananiambia ninyamaze, tusiharibu jina la kituo. Rafiki yangu anataka tuweke mtandaoni ili watu wajue. Nimsikilize nani?
*Kijana wa kompyuta, Kakamega*

Usimsikilize yeyote kati yao kwa sasa. Msimamizi anawaacha wagonjwa hatarini bila wao kujua, na rafiki yako angewaanika leo jioni.

Kasoro uliyoiona ni ya kawaida na chanzo chake kinajulikana. Mfumo unauliza "umeingia kwa nenosiri?" na hauulizi "je, faili hili linakuhusu?". Tiba ni seva, yaani kompyuta kuu inayotunza mafaili, kukagua ruhusa kwa kila faili na kila ombi, bila kutegemea kilichoonyeshwa kwenye skrini. Fundi mvivu atabadilisha namba fupi ziwe ndefu zisizo na mpangilio, kisha aseme amemaliza. Zitapunguza kubahatisha, lakini anayepata kiungo kwa njia nyingine bado ataingia. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs aliandika kuhusu maandishi ya siri ya kijeshi kwamba mfumo haupaswi kutegemea kufichwa. Hata adui akiujua, uendelee kuwa salama. Wahandisi wa usalama wa kompyuta wanaifuata kanuni hiyo mpaka leo, na inamjibu msimamizi wako: kunyamaza hakuzibi tundu.

Sasa hatua zako. Acha kujaribu. Faili moja uliloliona linatosha kuthibitisha, na kila jingine unalofungua linaongeza hatari kwako, kwa sababu Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inaadhibu kuingia kwenye mfumo bila idhini kwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Nia njema si kinga ya kutegemea. Usipakue chochote wala usiandike programu ya kupitia namba zote "ili kujua ukubwa wa tatizo". Kazi hiyo ni ya mwenye mfumo, naye ataifanya akisoma kumbukumbu za seva.

Andika ripoti fupi: tarehe na saa, ukurasa gani, ulibadilisha nini, uliona nini. Ficha jina la mgonjwa na kila kinachomtambulisha. Ipeleke kwa mkuu wa kituo kwa maandishi, na nakala kwa kampuni iliyotengeneza mfumo. Baadhi ya kampuni huweka faili liitwalo security.txt kwenye tovuti zao likionyesha pa kuripoti. Tazama kama lipo. Ripoti isitaje malipo hata kidogo. Ukiandika "nitawaonyesha mkinilipa", inasomeka kama ulaghai, na hapo msaada wako umegeuka kesi.

Ripoti ikishafika, mzigo unawahamia. Habari za afya ni data nyeti kwa mujibu wa sheria ya 2019. Kama kumbukumbu za seva zinaonyesha mtu asiyeruhusiwa alifungua mafaili na kuna hatari ya kweli ya wagonjwa kudhurika, kituo kina saa 72 tangu kujua kumwarifu Kamishna wa Ulinzi wa Data, na wagonjwa wenyewe waambiwe kwa maandishi ndani ya muda unaofaa. Mwonyeshe msimamizi kifungu cha 43. Anaogopa jina la kituo kuharibika. Litaharibika vibaya zaidi ikijulikana kwamba uongozi ulikuwa na ripoti mkononi na ukaikalia.

Wakinyamaza, peleka ripoti kwa KE-CIRT/CC, kituo cha taifa cha kushughulikia matukio ya mtandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na kwa Ofisi ya Kamishna. Katika taaluma hii kuna desturi ya kumpa mtengenezaji muda kabla ya kutangaza kasoro: CERT/CC, kituo cha Marekani kinachoratibu ripoti za kasoro za kompyuta, hutoa siku 45, na Project Zero, kikosi cha Google cha kutafuta kasoro, siku 90. Muda huo unamlazimisha mtengenezaji asilale, na unampa nafasi ya kuziba kabla wezi hawajasikia. Kwa mfumo mkubwa unaotumiwa na vituo vingi tungekubali utangaze baada ya muda huo, ukieleza aina ya kasoro bila anwani na bila namna ya kuitumia. Kwa kituo kimoja kidogo tungekushauri usitangaze mpaka kasoro izibwe, hata siku 90 zikipita, kwa sababu watakaoumia ni wagonjwa ambao hawakuchagua mfumo huo. Endelea kuzisukuma hizo ofisi mbili, na kila unapoandika tunza tarehe na namba ya kumbukumbu ya jibu.